Land Rover ya baba na 504 ya baba mdogo: ipi ya kufufua, ipi ya kuuza?

Nyumbani kwetu Tanga, chini ya mwembe mmoja, yalilala magari mawili kwa zaidi ya miaka kumi. Moja ni Land Rover 109 Series III ya marehemu baba, ya turubai, iliyomaliza ujana wake kwenye mashamba ya mkonge. La pili ni Peugeot 504 ya baba mdogo, ile ndefu ya familia yenye safu tatu za viti, ambamo sisi watoto tulipakiwa kila Idi kwenda kuwasalimia wazee Pangani. Mwaka juzi mama alichoka. "Mwanangu, ama yatembee ama yaondoke," akasema. "Nyoka wananizalia humo."

Mtu yeyote angeingia uani siku ile angeamua kwa dakika moja: fufua Peugeot, uza Land Rover. Rangi ya 504 ilikuwa bado inang'aa ukipitisha kitambaa cha maji. Land Rover ilikuwa imebonyea kila upande, mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya katani, majani ya mwembe yameozea ndani mpaka yameotesha miche. Hata moyo wangu ulikuwa kwenye 504. Mwishowe tulifanya kinyume, na karibu kila niliyemsimulia ameniambia kuwa kwao nako kuna gari la namna hiyo, la mjomba au la babu, na hawajui walifanye nini. Ndiyo maana nayaweka hapa yote mawili, moja kando ya jingine.

Lala chini ya gari kwanza

Aliyetufungua macho ni mzee mmoja, fundi wa Ngamiani. Alikuja na bisibisi nene, nyundo ndogo, tochi, na sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu. Hakugusa hata boneti. "Injini ni ya mwisho, mwanangu," aliniambia. "Injini inanunulika. Nipe gunia nilale chini."

Alianza na Land Rover. Bodi ya Land Rover za zamani karibu yote ni aluminiamu. Zilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgawo baada ya vita, wakakimbilia aluminiamu, na mtindo huo ukabaki hadi Series III iliyotoka mwaka 1971 na kukoma 1985. Kwa hiyo yale mabonyeo yaliyonitia huruma hayakuwa na maana yoyote. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu. Inapogusana na chuma huku chumvi ya bahari ikiwa katikati, kwenye riveti na kingo za milango, huliwa na kuwa unga mweupe. Hiyo ni kazi ya viraka, gari halifi kwa hilo.

Kinachoiua ni kutu ya chasisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari zima, na ya ule ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva, unaobeba bawaba za milango, usukani na kioo cha mbele. Chasisi yake ni boksi: mabamba manne ya chuma chenye unene wa kama milimita 2, yaliyochomelewa pamoja. Maji ya matope yakiingia humo hayatoki upesi, kwa hiyo boksi huoza kuanzia ndani kuja nje. Kwa macho utaona rangi nyeusi safi, na ukigonga utasikia debe lenye mchanga. Mzee aligonga kuanzia pua ya mbele hadi boriti ya nyuma, shubiri kwa shubiri, hasemi neno. Chuma kizima hulia kama kengele. Mikono miwili ya pembeni inayobeba bodi ilipitisha bisibisi mpaka kwenye mpini. Boriti ya nyuma nusu yake ilikuwa maganda matupu. Lakini reli kuu mbili za chasisi zililia kengele toka mwanzo hadi mwisho. Alipotoka alinionyesha viganja vyake vyeusi. Gari lilivuja oili maisha yake yote, na ile oili ndiyo iliyozipaka reli na kuzilinda.

Kisha 504. Hili halina chasisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo: sakafu, vile vizingiti vya chini ya milango, na vikombe vya mbele ambamo vichwa vya shokapu hukaa. Mzee alipitisha sumaku. Ikashika mlangoni, ikashika kwenye boneti, ikafika kizingiti cha kushoto ikaanguka mchangani. Pale hapakuwa na bati, palikuwa na puti, ule udongo wa kuzibia matundu kabla ya rangi. Miaka ya nyuma gari lile lilipelekwa gereji fulani kukatwa kutu na kuwekwa bati jipya. Walichofanya ni kushindilia magazeti kwenye matundu, wakajaza puti, wakapiga rangi nzuri juu yake. Mzee alikwangua akatoa kipande cha gazeti kilichokuwa bado kinasomeka. Baba mdogo alikishika muda mrefu bila kusema kitu. Alikuwa amelipia kazi ile kwa pesa za pensheni yake.

Baada ya hapo tukaweka jeki chini ya kizingiti. Jeki ikapanda, gari halikupanda. Na mlango wa nyuma tuliouacha wazi ukakataa kufunga, maana bodi ilikuwa imeshajikunja.

Hapo ndipo magari haya mawili yalipoachana. Kwenye gari lenye chasisi ya kujitegemea, kutu ya bodi ni sura tu. Uhai uko chini. Kwenye gari ambalo bodi ndiyo chasisi, kama 504, Datsun 1200 au Corolla za miaka ya 70, kutu ya sakafu na vizingiti ni ugonjwa wa mifupa. Unatibika, lakini fundi lazima alikaze gari kwa vyuma vya muda ndani kabla ya kukata chochote, apime milango kila hatua, ajenge vizingiti upya kwa tabaka zake zote. Mafundi wa kuweza kazi hiyo ni wachache, na anayeiweza huiuza kwa bei yake. Wa kuchomelea kiraka cha chasisi ya Land Rover utampata karibu kila mji wa mkoa.

Namba tatu kwenye daftari

Sasa hela. Andika namba tatu: atakachotoa mnunuzi leo gari likiwa kama lilivyo, gharama yote ya kulifufua, na bei ya sokoni likishapona. Tuseme, kwa mfano tu, ni shilingi milioni 3, milioni 14 na milioni 15. Wengi hutazama 14 na 15 wakaona faida ya milioni moja. Hakuna faida hapo. Zile milioni 3 ulizokataa kuzichukua leo nazo zimeingia gereji pamoja na gari, kwa hiyo umetoa 17 kupata 15. Na bado hujahesabu nauli, chai za mafundi, na Jumamosi zako zote za mwaka mzima.

Nasema hivi waziwazi kwa sababu nimeona watu wakiuza kiwanja kwa ajili ya hesabu hii mbovu: kama shabaha yako ni kufufua ili uuze kwa faida, karibu kila mara heri uuze leo. Kufufua kuna maana pale ambapo gari lenyewe litafanya kazi unayoihitaji, au pale ambapo unalitaka kwa moyo na uko tayari kulipia moyo wako kama watu wanavyolipia harusi.

Sisi tulikuwa na kazi. Tuna shamba upande wa Muheza, na masika machungwa huozea njiani kwa sababu magari madogo kama Noah na Kirikuu hayafiki. Tulipolinganisha gharama ya kufufua Land Rover na bei ya kununua gari jingine lolote la kupanda njia ile ya matope, Land Rover ilishinda. Lakini angalia na upande wa pili. Injini yake ya petroli ya ukubwa wa cc 2286 hukupa kilomita 5 hadi 7 kwa lita. Safari ya Tanga hadi Dar es Salaam, kilomita kama 350, ni lita 50 hadi 70 kwenda tu. Kama ningekuwa nalihitaji la kwenda Dar kila wiki, hesabu ingegeuka siku hiyohiyo.

Jambo jingine: bei ya kuchomelea utakayotajiwa, iongeze nusu yake tangu mwanzo. Kutu haijionyeshi yote mpaka bati likatwe. Kwetu kiraka cha nchi sita kiliishia kuwa cha urefu wa mkono, kwa sababu kila ukichomelea kwenye chuma chembamba kilichooza, moto unatoboa pembeni na unaendelea kukata hadi ufike chuma kizima. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na gereji ni mahali ambapo msemo huo huonekana kwa macho. Na hela ziende kwa mpangilio: chasisi, breki, injini, nyaya, rangi. Ukiona mtu ameanza na rangi, ujue gari hilo litarudi chini ya mwembe.

Kuhusu usalama nitasema moja tu, maana nimeona likipuuzwa. Kwenye Land Rover kama yetu tangi la petroli liko chini ya kiti. Lishushwe na lipelekwe mbali kabla ya cheche ya kwanza ya kuchomelea. Usimwamini anayekwambia "ni tupu, halina neno". Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Tulipomaliza chasisi na breki ndipo tukaamsha injini. Tulitoa plagi nne, tukamimina oili kidogo kila silinda, tukaacha siku tatu. Siku ya nne niliingiza hendeli pale mbele chini ya rejeta. Robo mzunguko, ikakwama. Nikarudisha, nikasukuma tena taratibu kwa mikono miwili. Nikasikia ndani kitu kama mtu anayevuta pumzi, kisha ikaachia. Mama alitoka jikoni na unga mikononi akasimama mlangoni. Haikuwaka siku hiyo, ilichukua wiki mbili na kabureta ya kubadilisha, lakini pale ndipo nilipojua kwamba itawaka.

Karatasi zina nguvu kuliko spana

Kama gari ni la marehemu, huna cha kuuza wala cha kufufua mpaka mirathi ifunguliwe. Land Rover yetu ilikuwa bado kwa jina la baba. Mdogo wangu alitaka tuanze kazi mara moja, na dada yetu mkubwa akatuzuia: "Mkitia milioni zenu humo, kesho mtasema gari ni lenu. Twendeni kwanza mahakamani." Alikuwa na haki. Tulikwenda Mahakama ya Mwanzo, akateuliwa yeye kuwa msimamizi wa mirathi, tukakubaliana kwa maandishi nani atoe nini, ndipo kadi ya gari ikabadilishwa TRA, mamlaka ya mapato. Ilichosha, lakini leo hakuna anayenuniana na mwenzake juu ya gari lile.

Na hata kama mwenye gari yuko hai, linganisha namba za kwenye kadi na za kwenye chuma. Kwenye Series III namba ya chasisi imegongwa mbele upande wa kulia, kwenye mkono unaoshika springi. Mahali hapo kutu hupapenda sana. Tulipasugua kwa brashi ya waya polepole, tukaweka chaki, tarakimu zikajitokeza moja moja. Namba ikiwa imeliwa yote, au injini imeshabadilishwa na kadi haisemi, thamani ya gari hushuka kabla mnunuzi hajauliza bei. Waliofunga injini ya Isuzu au Toyota wengi hawakuwahi kuiingiza kwenye kadi, na hilo hujitokeza siku ya kuuza. Kenya ni vivyo hivyo: logbook isiyosoma sawa na gari, mnunuzi makini anageuza.

Je, historia haina bei?

Ina bei, lakini si kila gari kuukuu ni hazina. 504 ilitangazwa Gari la Mwaka la Ulaya 1969. Mwaka 1975 dereva Ove Andersson alishinda nayo Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Kenya. Ufaransa ilipoacha kutengeneza saluni yake mwaka 1983, Nigeria na Kenya ziliendelea kuziunganisha. Nusu ya watu wa rika la baba mdogo wana hadithi ya 504 vifuani mwao, na mimi nimo. Lakini zilitengenezwa zaidi ya milioni 3. Land Rover nayo ilifikisha gari lake la milioni moja mwaka 1976. Vitu vilivyojaa dunia nzima havipandi bei kwa uzee peke yake. Hupanda kwa uzima wake.

Ingekuwa Datsun 240Z, ningeandika mengine kabisa. Hiyo ilishinda Safari mwaka 1971 kwa Edgar Herrmann na 1973 kwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na leo wapo watu wa kuisafirisha kutoka ng'ambo hata ikiwa mifupa. Mwenye gari la namna hiyo asiliuze kwa dalali wa kwanza aliyebisha hodi. Na kwa mkazi wa Kenya kuna la kuongeza: gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa nchini, kwa hiyo la zamani lililoko tayari haliwezi kurithiwa na jingine kutoka nje. Likiwa zima, na safi, subiri mnunuzi wa kweli. Maonyesho ya magari ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, Nairobi, huwakusanya wanaojua wanachokitazama.

Vipuri sitavikalia sana. Vya Series III bado vinatengenezwa Uingereza, hadi chasisi nzima mpya iliyochovywa zinki, ingawa bei yake na usafiri vingemeza mazao yetu ya misimu miwili. Vya injini ya 504 vinapatikana kwa kutafuta, Gerezani kwa Dar au Kirinyaga Road kwa Nairobi. Mabati yake ya bodi ndiyo shida, na mabati ndiyo tuliyoyahitaji.

Tulivyoiuza 504

Kuna njia tatu za kuuza gari lenye kutu: likiwa zima lilivyo, kulichinja yaani kuuza kipande kipande, au kulipeleka kwenye chuma chakavu kwa kilo. Kilo ni hasara kwa gari lolote ambalo injini na gia boksi bado vinazunguka. Kuchinja huleta hela nyingi zaidi kwa jumla, ila huzijui zitakuja lini, na uani kwako kunageuka gereji kwa mwaka. Mama alikuwa ameshasema lake kuhusu uani. Tukauza zima.

Nilipiga picha za kutu kwanza. Kizingiti kilichotobolewa, sakafu, lile gazeti. Kisha ndipo nikapiga injini, viti, na zile springi nne za nyuma za chuma kilichosokotwa. Madalali walionijia kabla ya hapo walinishauri nipake rangi nyeusi chini ili "ikae vizuri". Nilikataa. Aliyemfanyia baba mdogo hivyo hivyo ndiye aliyetufikisha pale, na mimi sikutaka kumpelekea mtu mwingine gari lenye gazeti ndani. Nikasema pia wazi kwamba bodi si ya kurudishwa barabarani. Wapigaji simu walipungua sana, lakini waliobaki walikuwa wanajua wanachokitaka.

Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu wa Korogwe. Ana 504 ya bodi nzima ambayo injini yake imekufa. Injini hizi silinda zake ni za kuchomoa, unabadilisha na pistoni zake bila kupeleka bloki nzima kuchongwa, ndiyo maana hata iliyochoka ina thamani. Alikuja na mwanawe, akazungusha puli kwa spana, akaona inaachia, akatoa bei iliyozidi ya dalali yeyote. Tukaandikiana mbele ya mjumbe, na namba za kadi zikaandikwa kwenye mkataba. Baba mdogo mwenyewe akaenda TRA kukamilisha uhamisho, kwa sababu ukiuza kwa mdomo, gari likipata ajali au kutumika vibaya wanakuja kwako.

Kilichomuuma baba mdogo si kuuza. Zaidi ya miaka kumi nyuma, gari likiwa bado linatembea, jirani alitaka kulinunua kwa bei nzuri, naye akajibu, "Nitalitengeneza." Alilisema neno hilo kila masika. Hakuuza, hakutengeneza, na mvua ikachukua sakafu. Kama uko hapo leo, gari linawaka na huna hela ya kulifanyia kazi kabla ya mvua zijazo, basi angalau litoe chini ya mti, zibua matundu ya kutolea maji chini ya milango, liinue juu ya matofali, ulipitishie oili chini. Kisha jipe tarehe ya kuamua.

Siku ya kulipakia kwenye Fuso, baba mdogo aliomba kitu kimoja, ile nembo ya simba ya mbele. Mwalimu alisita. Yake ilikuwa imevunjika mguu na aliihitaji ile nzima. Wakazungumza kidogo pembeni, wazee wawili, sikusikia walichoambiana. Wiki iliyofuata kondakta wa basi la Korogwe alitushushia bahasha. Ndani mlikuwa na simba wa miguu mitatu, ameng'arishwa vizuri, na sasa yuko mezani kwa baba mdogo karibu na redio.